Chombo Kisicho na Injini

"Nguo zimelowa."

Maneno mawili tu. Simu ikakatwa.

Sindano aliitumbukiza Nokia yake mfukoni, akauruka uzio wa kituo cha hali ya hewa. Maana ya maneno yale aliijua. Jasusi wao ndani ya kundi la wateka watu ameshakamatwa. Lori lililokuwa liondoke kesho linaondoka leo.

Na ndani ya lori lile yumo mdogo wake, Kitinda.

Mbele yake fundi wa maputo alikuwa anakimbia. Mtu wa miaka hamsini na tano, kitambi mbele, ndala moja imebaki njiani. Alipita nyuma ya matangi ya gesi, akajigonga kwenye mlingoti wa kupimia upepo, akaanguka kifudifudi.

Sindano alimwekea goti mgongoni. Glock 19 ikagusa sikio lake.

"Habari ya mchana, baba."

"Nzuri, mwanangu," fundi alijibu, mchanga mdomoni. "Shikamoo sijaisikia, lakini nzuri."

"Shikamoo. Watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wale unaowarushia sahani ya angani."

Fundi alifumba macho.

Sindano hakuwa na muda wa kubembeleza. Alitoa picha mfukoni, akaiweka mbele ya pua ya fundi.

Ilikuwa picha ya lori la kwanza, lililofunguliwa njiani mwezi uliopita. Watu kumi na tisa, wote wamevaa nyeupe, wote wamekaa kwa mstari kama darasa linalosubiri mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anapumua.

Fundi aliitazama picha.

"Waliniambia ni mchezo," alisema. "Puto la rangi ya fedha, kamba ndefu, linang'aa juani. Watu wanatazama, wanafurahi, basi. Sikujua wanapakiwa."

"Wanapelekwa ng'ambo ya mpaka, kuchimba migodi. Watumwa. Na hakuna anayewatafuta. Ndugu yako akipotea unakwenda polisi. Akichukuliwa na wageni wa angani unakwenda wapi?"

"Mungu wangu."

"Leo ulirushia wapi?"

"Sijui! Naapa kwa mama yangu. Kila safari wananifunga macho. Leo asubuhi nimefungwa, nimepelekwa, nimejaza puto, nimefungwa tena, nimerudishwa."

Hii ndiyo ilikuwa njia ya mwisho. Nyingine zote zimeshafungwa.

Mama yake Sindano alimwambia maneno machache tu jana: "Usirudi bila Kitinda."

"Nieleze ulivyofanya," alisema. "Hatua kwa hatua. Usiruke hata moja."

"Nilifungua gesi. Nikajaza puto mpaka likawa refu kunipita. Nikafunga shingo kwa uzi, mara tatu. Nikafunga kamba. Nikawasha kipima hewa, nikakining'iniza chini yake, nika..."

"Ukawasha nini?"

Mkono wa fundi ulipanda taratibu mpaka mdomoni.

"Kipima hewa," alinong'ona. "Kile kiboksi cheupe. Kinatuma habari za joto, upepo, na mahali kilipo." Alitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Hawakuniambia nikiweke. Lakini mwanangu, miaka ishirini na mbili, asubuhi na jioni, sijawahi kupandisha puto lililolala, lisilotuma habari. Mkono umefanya wenyewe."

Sindano alishamnyanyua kwa kola ya shati.

"Mashine ya kupokea iko wapi?"

"Juu."

Walipanda ngazi tatu tatu.

Chumba kilikuwa kidogo, kina feni mbovu na ramani zilizopauka. Fundi aliketi mbele ya kompyuta, akazungusha kitufe. Mlio mwembamba ukasikika. Namba zikaanza kushuka kwenye kioo.

"Hilo hapo! Uwanja wa zamani wa ndege za kunyunyizia dawa. Umefungwa siku nyingi. Mwendo wa dakika ishirini na tano."

"Na hii namba ni nini?"

"Urefu wake kwenda juu. Mita mia tatu na kumi."

Mia tatu na nne.

Mia mbili na tisini.

"Mbona inashuka?"

"Wanalivuta kwa kamba. Watu wakishaingia ndani ya lori, puto halina kazi tena."

Sindano hakuisikia sentensi ikiisha. Alikuwa ameshafika ngazi ya mwisho.

* * *

Land Cruiser ilikula vumbi.

Redio ilikoroma. "Sindano, hapa Mkuu. Uko wapi?"

"Njiani. Uwanja wa zamani wa ndege. Tuma watu."

"Timu iko mbali. Saa nzima na dakika kumi. Usiingie peke yako."

"Sikusikii vizuri, Mkuu."

"Unanisikia vizuri sana, mjinga wewe! Sindano!"

Aliizima.

Kitinda. Mtoto wa mwisho nyumbani, miaka ishirini na mbili, anashona sare za shule, mpole mpaka anaudhi. Alipokuwa na miaka tisa darasa lao lote lilitoka nje wakati wa mapumziko na kuona kitu kinang'aa juu ya uwanja, mchana kweupe. Baada ya wiki wenzake wote walisema walikuwa wanatania. Yeye hakusema hivyo. Mpaka leo.

Alianza kukusanya visa vya namna hiyo. Daftari zima. Watoto wa shule ya ng'ambo walioona sahani imetua na watu wadogo wenye macho makubwa. Mke na mume waliopotewa na masaa mawili barabarani wasijue walikuwa wapi. Mfugaji aliyeokota vipande vya ajabu malishoni, wanajeshi wakaja wakasema ni puto tu.

Nyumbani walicheka. Sindano ndiye aliyecheka kuliko wote. Alimwita "balozi wa mwezini" mbele ya wageni.

Halafu akatokea mtu mmoja ambaye hakucheka. Akajiita Mpokezi. Akamwambia Kitinda: mimi nakuamini.

Sindano alikanyaga mafuta mpaka mguu ukauma.

* * *

Ghala la ndege lilikuwa limeoza kwa kutu. Puto lilikuwa chini tayari, limelala kwenye majani kama ngozi ya mnyama. Lori jeupe la kubebea samaki wa barafu lilisimama katikati ya ghala, na dereva alikuwa amechuchumaa nyuma akibadilisha namba.

Kabla Sindano hajatoka nyuma ya pipa, alisikia sauti. Haikuwa ya mwanaume wala mwanamke. Nzito, pole, inatoka ndani ya sanduku la lori.

"Watoto wa mwanga. Kaeni chini. Pumueni pole pole. Mkisikia kizunguzungu, hiyo ni hewa yetu inawapokea."

Nywele zilimsimama.

Hewa ilikuwa inakwisha, na wao walikuwa wanaambiwa washukuru.

Dereva alishtuka kuona kivuli. Alichelewa. Mtungi wa kuzimia moto ulimpata shavuni, akalala juu ya bisibisi yake. Sindano alipiga tairi mbili za mbele. Pah! Pah! Lori likainama.

Mlango wa dereva ulifunguka. Akashuka mtu mfupi, koti jeupe, mikono juu, anatabasamu.

"Pole pole, dada. Wageni hawapendi kelele."

"Fungua hilo sanduku."

"Siwezi."

Risasi ilipita sentimita moja kutoka kwenye kiatu chake. Tabasamu lilipungua kidogo.

"Kweli siwezi," alisema Mpokezi. "Komeo liko ndani. Tumewafundisha wajifunge wenyewe. Askari wa njiani wakigonga, hawafungui. Hata mimi nikigonga, hawafungui."

"Wana hewa ya muda gani?"

"Wameingia kama nusu saa. Ni thelathini na saba." Aliinua mabega. "Wenye nguvu hufika."

Kitako cha bastola kilimjibu. Sindano alimfunga pingu kwenye nguzo, akakimbilia sanduku.

Lilikuwa la chuma kinene, kuta zimejazwa sifongo, halina hata tundu la sindano. Aliinua Glock, akaishusha. Risasi ingepita ukuta, ikapita na mtu.

Alipiga kwa ngumi.

"Kitinda! Ni mimi, dada yako! Fungueni!"

Ikaja sauti ndogo, ya mbali, kama inatoka chini ya maji.

"Dada? Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuchukua. Fungua komeo, mdogo wangu. Hewa inakwisha humo!"

"Ndivyo inavyokuwa. Tumeambiwa. Usilie, dada."

"Mmedanganywa! Hakuna chombo! Kile mlichokiona angani ni puto. Puto la hali ya hewa!"

Ndani walicheka.

Walicheka kweli, watu thelathini na saba, kicheko chembamba cha watu waliochoka. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Si niliwaambia? Lazima waseme puto!" Mwingine akadakia, "Siku zote ni puto! Hawana neno jingine hawa!"

"Hata yule mfugaji aliambiwa hivyo hivyo, dada," Kitinda alisema, kwa huruma.

Sindano aliweka paji la uso kwenye chuma baridi. Ukweli ulikuwa mkononi mwake, na ndio huo huo waliofundishwa kuukataa.

"Kitinda, nisamehe. Nilikucheka. Nilikosa. Fungua, unipige ukitaka."

Mtu alikohoa. Mwingine. Halafu kitu kizito kilianguka sakafuni, bila hata mikono ya kujizuia.

Kwenye nguzo, Mpokezi alikuwa anacheka damu ikimtoka puani. "Endelea kuwaambia ukweli. Uone kama utawafaa."

Sindano aligeuka, akamtazama.

Halafu akatazama mlango wa dereva ulioachwa wazi.

Waya mweusi ulitoka kwenye sanduku, ukapita chini ya lori, ukaingia mbele. Aliufuata kwa mkono. Kwenye kiti kulikuwa na kipaza sauti na kiboksi cha kijivu chenye kitufe kimoja. Chombo cha kugeuza sauti. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.

Mpokezi aliacha kucheka.

Sindano alikishika kipaza sauti. Miaka yote mdogo wake alisubiri sauti hii. Na sasa atakayeitoa ni yeye.

Alibonyeza.

"Watoto wa mwanga."

Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilimtisha mwenyewe.

"Safari imekwisha. Mmefika. Fungueni mlango."

Kisha yule mzee, kwa pumzi ya mwisho mwisho: "Mbona... mbona hatujasikia injini?"

Jasho lilimwingia Sindano machoni. Sekunde moja. Mbili.

"Chombo chetu hakina injini," alisema.

Mtu alianza kulia ndani. Kilio cha furaha.

"Fumbeni macho," Sindano aliendelea, midomo imekauka. "Anayeweza kutembea amshike asiyeweza. Msimwache mtu. Fungueni sasa."

Komeo likasogea.

Mlango ulifunguka na joto la watu likatoka kama pumzi ya tanuri. Walishuka wakiyumba, peku, nguo nyeupe zimelowa jasho. Wawili walibebwa. Mmoja alitapika, akacheka, akasema asanteni. Sindano alikuwa ameshafika nyuma ya lori, anawapokea mmoja mmoja, anawalaza kwenye upepo, anawapiga migongo, anahesabu. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, waya umevutika nyuma yake. Alikisahau.

Wa mwisho alikuwa Kitinda.

Alishuka macho yamefumbwa, mikono imenyooshwa mbele, vidole wazi. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Sindano hakuwahi kukiona pale nyumbani, wala sikukuu, wala siku ya kumaliza shule. Ulikuwa umetulia kabisa.

"Nimefika," Kitinda alisema. "Asanteni kwa kunisubiri. Naweza kufungua macho?"

Sindano alitaka kusema hapana. Alitaka amwache hivyo hivyo dakika moja zaidi.

Alimshika mikono.

Kitinda alifungua macho.

Aliona dada yake. Aliona paa la kutu, lori lililoinama, Mpokezi kwenye nguzo. Macho yalishuka mpaka kwenye kipaza sauti, yakafuata waya, yakarudi.

"Ilikuwa wewe."

"Leo tu, mdogo wangu. Mara hii moja."

"Na wewe ukaniambia nimefika."

"Ungekufa."

"Najua." Kitinda aliivuta mikono yake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Walionidanganya kwanza, angalau walikuwa hawanijui."

Nusu saa baadaye ving'ora vilisikika mbali. Baada ya muda magari matatu yalifunga breki mlangoni, na Mkuu akaruka kutoka la kwanza, bunduki mkononi, uso umevimba kwa hasira. Aliona watu kwenye majani wanagawana chupa ya maji. Hasira ikamwishia njiani.

"Wangapi?"

"Thelathini na saba. Wote wanapumua."

"Na mdogo wako?"

"Anapumua."

"Nilikwambia usiingie peke yako."

"Redio ilikuwa mbovu."

Sindano alimtupia funguo za pingu, akavaa miwani ya jua. Hakungoja kuandikishwa maelezo. Kwenye rundo la viatu karibu na puto aliokota jozi moja, raba nyeupe zilizotiwa kiraka cha kitambaa cha sare, akazigonga pamoja kutoa vumbi.

Kitinda alikuwa ameshatoka nje. Alikuwa anatembea peke yake katikati ya njia ya ndege, peku kwenye lami ya moto, bila kugeuka.

Sindano alimfuata. Hatua kumi nyuma, viatu mkononi.

Mdogo wake alipopunguza mwendo, naye alipunguza. Alipoongeza, naye aliongeza. Hakumwita.