Funda la Mzee Mwandawiro

Jua lilikuwa linajiendea zake nyuma ya vilima Pauline alipoifunika cherehani yake, akamshika mwanawe Shanice mkono, wakatoka kwenda kwa Mutuku kuazima hedifoni. Mutuku alikuwa fundi wa simu karibu na stendi ya Voi, Mkamba mcheshi asiyemwacha mteja aondoke bila kumtania. Jioni hiyo alimtazama mtoto, na utani ukamkauka mdomoni.

Shanice alikuwa na miaka saba, na alikuwa anaisha. Tangu mwezi uliopita, kila taa za barabarani zilipoanza kuwaka, aliziba masikio akilalamika kwamba kuna sauti nyembamba nje ya mlango. Homa ilimpanda papo hapo, na chakula hakikupita kooni mpaka asubuhi. Hospitalini walimpima damu, wakampima na masikio, wakasema mtoto ni mzima. Pauline mwenyewe hakuisikia hiyo sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa likimtia wazimu. Angemkingaje mtoto na kitu asichokisikia?

Mutuku alimweleza polepole. Masikio ya mtoto hufika juu kuliko ya mtu mzima. Kadiri mtu anavyokula umri, ile milio myembamba humtoroka mmoja mmoja, na ukishaenda haurudi. Akamwekea kwenye simu programu ya kupima: mlio unaanzia mitetemo elfu nane kwa sekunde na kupanda hadi elfu ishirini.

"Mwambie anyooshe mkono akisikia, ashushe ikinyamaza," alisema. "Halafu umuulize hiyo ya nje inafanana na gani. Na wewe ujipime, Mama Shanice. Usije ukashangaa kumbe umeshakuwa nyanya."

Nyumbani, Pauline alianza yeye. Mlio ulipanda, ukawa mwembamba kama sindano, na ulipofika elfu kumi na nne ukakatika. Alidhani simu imezima. Alipoitazama, namba zilikuwa bado zinapanda. Alijisikia vibaya, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Kisha akamvisha Shanice. Mkono ulipanda ukabaki juu. Kumi na tano… kumi na saba… ishirini. Mlio ukaisha. Pauline akamvua hedifoni.

Mkono ulikuwa bado juu.

"Hiyo ya nje iko kama gani?" alimuuliza.

"Kama ile ya kumi na nane."

Kesho yake Shanice akasema ni ya kumi na saba. Jioni iliyofuata, kumi na sita. Sauti ilikuwa inashuka, na kila ilivyoshuka mtoto alizidi kukonda. Pia kulikuwa na harufu. Pauline aliisikia kwanza kwenye pazia, halafu kwenye mto wa mtoto: harufu ya miwa iliyochacha. Alijua ni mbangara, pombe ya miwa ya wazee wa kwao milimani, ila ndani ya nyumba ile halikuwahi kuingia tone la pombe.

Akamuuliza Shanice hiyo sauti inafanya aje.

Mtoto alikwenda kwenye ndoo, akateka maji kwa kikombe, akayajaza mdomoni. Mashavu yakavimba. Akakaza midomo, macho yakamtoka, na pumzi ikapenya kwa shida katikati ya midomo ile.

Ffffff…

Pauline alikaa chini sakafuni. Mashavu yale aliyajua.

Yalikuwa ya baba mkwe wake, Mzee Mwandawiro. Mzee alikuwa na uchungu kwamba mjukuu wake analelewa Voi, na hata siku moja hajapandishwa Wundanyi akamwone. Kwa Wadawida, watu wa milima ya Taita, uchungu wa mzee hauachwi ukalala moyoni, maana huwala watoto. Hutolewa kwa kutasa: mzee hupiga funda la mbangara, akampulizia mtu huku akisema maneno ya kuuachilia. Kabla ugonjwa huu haujaanza, Lewis, mume wa Pauline, akaomba mtoto apelekwe kutasiwa. Pauline alikuwa ameokoka, tena kiongozi wa maombi ya akina mama, akakubali shingo upande. Mtoto akasimamishwa mbele ya babu yake. Mzee akapiga funda, mashavu yakajaa. Hapo hapo moyo wa Pauline ukageuka. Akamvuta mwanawe, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto wake hatatemewa pombe na mtu, damu ya Yesu inamtosha. Wakaondoka.

Mzee hakutema. Hakumeza pia. Watu walimsihi ateme hata chini, akatikisa kichwa. Alikaa na funda lake hadi jioni, na walipokwenda kumwita ndani walimkuta amekufa, mashavu yamejaa. Pauline alisimuliwa hayo kwenye matanga akayaona ni maneno ya mashemeji tu, wanaotafuta wa kumlaumu.

Alimpigia Lewis, aliyekuwa kazini kwenye shamba la mkonge kule Mwatate. Lewis akasema kwamba funda likishapigwa lazima litoke, na aliyekuwa amesimamishwa mbele yake ni Shanice. Yeye atarudi nyumbani usiku, na asubuhi watampeleka mtoto Wundanyi kwa wazee.

"Leo msitoke nje," alisema.

Lakini jioni haikumngoja Lewis.

Taa za barabarani ziliwaka. Shanice alishuka kitandani bila kuitwa, mwili unamwaka moto, akasimama katikati ya chumba na kunyoosha mkono. Hedifoni zilikuwa mezani.

"Ya ngapi?" Pauline alinong'ona.

"Kumi na tano."

Pauline alitega sikio mpaka kichwa kikamuuma. Alisikia redio ya jirani, na lori likipinda barabara kuu. Hakuna zaidi. Harufu ya miwa sasa ilikuwa nzito hata ikamkereketa koo.

"Iko mlangoni?"

Shanice alitikisa kichwa.

"Iko nyuma yako, Mama."

Alitaka kulitaja jina la Yesu, ulimi ukagoma. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akamtazama mwanawe, mifupa ya shingo ilivyomtoka, mkono mwembamba ulivyokuwa bado hewani. Akapiga magoti mbele yake ili amzibe kwa mwili wake, akageuka, macho ameyafumba.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi niliyekukatiza. Nitasie mimi. Mtoto muache."

Kimya…

Pfuuu.

Matone ya baridi yalimpiga usoni. Yalimwingia kwenye kope, yakamtiririka hadi midomoni. Yalikuwa na utamu kidogo.

Alipofumbua macho, chumba kilikuwa kitupu. Shanice alikuwa bado amenyoosha mkono, kichwa amekiinamisha upande, ametulia kama anavyotulia akiwa darasani mwalimu anaposema. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaushusha mkono, akasema ana njaa.

Homa haikurudi. Hata hivyo, asubuhi walipanda Wundanyi, na wazee wa ukoo waliposikia yote waliuliza jambo moja tu: mzee alisema nini? Kwa sababu funda ni lile lile. Maneno ndiyo yanayoutoa uchungu moyoni mwa mzee, na maneno hayo hayo yanaweza kuuhamishia kwa mwingine. Pauline hakusikia hata moja. Wote wakamgeukia Shanice, naye akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Amesema nisiwaambie," alisema. "Amesema Mama atasikia mwenyewe. Maneno yanashuka."

Siku hizi Shanice amenona, anaruka kamba na wenzake, na hedifoni Mutuku ameshachoka kuzidai. Kila jioni Pauline anazivaa na kujipima. Mlio unapanda, unafika elfu kumi na nne, unakatika palepale pa siku zote, naye anashusha pumzi. Anajikumbusha alivyoambiwa na Mutuku: mlio ukishamtoroka mtu haurudi.

Juzi mlio ulikatika kama kawaida. Namba zikaendelea kupanda ndani ya kimya. Kumi na tano… Kumi na sita… Na mle ndani, karibu kabisa na sikio, mtu akakohoa kidogo, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema mbele ya watu.

Pauline hakuzivua. Alizikandamiza masikioni kwa mikono yote miwili, akangoja.