Taa ya Tundu la Saba

Mellen ni jirani yangu hapa Suna, fundi wa mitandao, na si mtu wa kutunga mambo. Jumanne moja aliitwa Kisegi, kwenye zahanati ya kibinafsi, arekebishe saa ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha kamera na kompyuta zote na kuzipa saa moja. Ilikuwa asubuhi ya jua zuri. Alipewa hata chai.

Meneja, Maxwell, hakujua kwamba Rael, yule mama aliyefia pale kwa uchungu wa kuzaa wiki mbili nyuma, alikuwa mdogo wake Mellen. Zahanati iliandika kwamba Rael aliletwa saa sita mchana akiwa hoi. Kamera ya mlangoni ilimwonyesha akiingia saa mbili asubuhi, kwa miguu yake mwenyewe.

"Madam, hiyo saa irudishe nyuma four hours," Maxwell alinong'ona. "Wakaguzi wanakuja kesho. Nataka waone camera zetu huwa nyuma tu, waamini yule mama aliingia saa sita."

Damu ilimchemka Mellen. Saa nne nzima mdogo wake alilia kwenye benchi bila daktari, na sasa jitu hili linataka kuzifuta kwa kidole!

"Fanya mwenyewe," alisema, akamsukumia laptop.

Maxwell akairudisha saa nyuma. Ikaruka mbele, ikasimama kwenye saa ya kweli. Akajaribu tena. Ikaruka tena.

"Inatoa wapi hiyo saa?"

Mellen akasoma kwenye skrini. Ilitoka tundu la saba la swichi, pale panapochomekwa waya. Wakafungua kabati la swichi, wakachungulia. Taa ya tundu la saba ilikuwa ikipepesa. Tundu lenyewe halikuwa na waya.

Maxwell akatukana, akang'oa plagi. Taa zote zikazima. Ile ya saba haikuzima.

Kisha wakasikia. Tik. Tik. Tik.

Maxwell akapapasa juu ya swichi, akatoa saa ndogo ya kike. Mkanda mwekundu. Udongo mbichi.

"Ya nani hii?" alinong'ona.

"Ya Rael, mdogo wangu. Sasa jaribu kuirudisha nyuma hiyo."

Hakujaribu. Wakaguzi walipofika kesho yake, swichi ilikuwa sahihi hadi sekunde, na picha za mlangoni walienda nazo.

Saa ile iko kwa Mellen, nimeiona kwa macho yangu, na bado inatembea. Mkanda wake aliufunga yeye mwenyewe mkononi mwa Rael siku ya mazishi kule Magunga, kabla jeneza halijapigiliwa misumari.