Subiri Kidogo, Mwanangu

Kila Jumamosi Chiriku alikwenda kazini na mama yake. Tangu bibi yake afariki, nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki naye. Kwa hiyo alibeba daftari lake la hesabu na chupa ya maji, akaketi kwenye kona ya chumba cha mitambo cha hospitali mpaka jioni.

Chumba kile kilikuwa kidogo, hakina dirisha, na baridi yake ilikuwa ya mchana kutwa. Katikati lilisimama kabati refu la chuma lililojaa kompyuta zisizo na kioo. Zilimetameta taa za kijani na kupuliza upepo polepole, kama watu waliolala. Hizo ndizo zilizobeba hospitali nzima: majina ya wagonjwa, majibu ya maabara, hesabu ya dawa. Aliyezitunza ni mama yake Chiriku. Pale kazini kila mtu alimwita Mama Waya.

"Kazi yangu ni kama chumvi kwenye mboga," Mama Waya alipenda kusema. "Ikiwemo, hakuna anayeitaja. Ikikosekana, kila mtu anapiga kelele."

Na kelele hazikukosekana. Asubuhi ile simu ya mezani ililia kabla hajavua koti lake.

"Mama Waya, njoo! Kompyuta yangu imekufa!" Ilikuwa sauti ya nesi mkuu.

"Pole na msiba. Hebu angalia kama imechomekwa ukutani."

Kiti kikasikika kikisogezwa. Halafu, "Haya, imefufuka. Usimwambie mtu."

Mama Waya alicheka, akamgeukia binti yake. "Mashine hazina shida, Chiriku. Hazidanganyi, hazinuni. Zinafanya lile lile zililoambiwa. Wenye shida ni sisi tunaoziambia."

Alikuwa na amri mbili ambazo hata madaktari walizijua. Ya kwanza: ukiinuka kwenye kompyuta, ifunge kwa neno la siri, hata kama unakwenda kunywa maji tu. Ya pili ilihusu diski ndogo iliyofungwa utepe mwekundu. Kila jioni, dirisha la malipo likishafungwa, kompyuta kubwa ilijinakili yenyewe kwenye diski ile. Nakala mpya ilikaa juu ya ile ya jana. Kilichofutwa mchana, jioni kilifutika na kwenye diski pia. Mama Waya alikuwa ameomba diski ya pili mara nyingi, akajibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa.

"Kwa hiyo chochote kikipotea, niambiwe siku hiyo hiyo," alisema. "Kesho ni ya wanaolia."

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na ukumbi wa kusubiri. Huko ndiko sauti ilikotoka.

"Namba kumi na saba, chumba cha tatu."

Chiriku alikunja mabega. Sauti ile ilikuwa ya bibi yake.

Bibi alikuwa karani wa mapokezi miaka mingi, akiwaita wagonjwa mpaka koo likakauka. Mwishowe Mama Waya akamrekodi. Bibi na Mama Waya, mama na binti yake, walijifunika blanketi moja katika chumba kile kile cha mitambo, ili upepo wa mashine usisikike. Bibi akasoma namba zote, na majina ya vyumba. Kisha akaongeza neno ambalo hakuna aliyemwomba: "Subiri kidogo, mwanangu." Mama Waya alitaka kulikata. Bibi akakataa. "Mtu anaumwa, halafu asiitwe mwanangu? Liache."

Sasa Bibi alikuwa kaburini, na bado aliita. Kila siku Mama Waya alikula chakula chake cha mchana kwenye benchi la ukumbini, chini ya kipaza sauti, akitafuna polepole. Hakuwa na rekodi nyingine ya sauti ya mama yake. Bibi hakupenda simu. Alisema zinakula maneno ya watu.

Chiriku naye hakuweza hata kupita ukumbini bila nywele kumsimama. Na shuleni mambo yalizidi. Kulikuwa na msichana wa darasa lake waliyemwita Domo. Alikuwa amempeleka mdogo wake kung'oa jino pale hospitalini, akarudi na habari.

"Jamani! Bibi yake Chiriku yuko kazini mpaka leo! Hata kufa hakukumpatia likizo!"

Darasa likaangua kicheko. Mapumziko yakawa mchezo. Domo alisimama juu ya jiwe, akabana pua na kuita, "Namba kumi na tatu, kaburi la pili!" Wengine wakapanga foleni wakitembea kama maiti. Chiriku alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena, mpaka kengele ikalia.

Ndiyo maana Jumamosi ile alasiri, simu ilipolia tena kutoka maabara na Mama Waya akatoka mbio, Chiriku alikitazama kioo cha kompyuta ya mezani ya mama yake, kilichoachwa wazi, kama mtu anayetazama mlango. Mashine ya kupima damu ilikuwa imegoma na wagonjwa wamejaa. Kwa haraka ile, mama yake alikuwa amesahau amri yake ya kwanza.

Folda iliandikwa "Sauti". Chiriku alijua pa kubofya. Alikuwa amemwangalia mama yake mara nyingi. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Akabofya ndiyo. Halafu, kwa kuwa alijua vitu vilivyotupwa huweza kuokotwa, akalifuta na pipa la taka.

Ng'ambo ya ukuta pakawa kimya.

Alishusha pumzi. Akafungua daftari lake la hesabu. Alikuwa hajamaliza hata swali la kwanza, sauti ilipotoka, taratibu, karibu kama iko nyuma ya sikio lake.

"Subiri kidogo, mwanangu."

Kalamu ilimdondoka. Alifungua tena ile folda. Ilikuwa tupu. Alitazama kwenye pipa. Tupu.

"Subiri kidogo, mwanangu."

Alikimbilia ukumbini kwa sababu huko angalau kulikuwa na watu. Watu walikuwepo, wameketi na vikaratasi vyao vya namba mkononi, macho juu, kwenye kipaza sauti. Kila daktari alipobonyeza kitufe cha kumwita mgonjwa mwingine, hapakusikika namba wala chumba. Palisikika neno lile moja tu. Nao wakasubiri.

"Leo imekufa ganzi nini?" mama mmoja aliyepakata mtoto aliguna.

Nesi mkuu alitoka na simu sikioni. "Mama Waya, kile kipaza sauti chako kinatuambia tusubiri tu. Tusubiri nini, kiama? … Panya? Tena? … Haya." Akakata, akapaza sauti. "Jamani, panya wametafuna waya! Fundi yuko maabara, ataangalia kesho. Leo nitawaita kwa mdomo!"

Kesho. Chiriku alitazama dirisha la malipo. Lilikuwa bado wazi, lakini karani alikuwa ameanza kupanga karatasi zake. Dirisha likifungwa, kompyuta itajinakili. Folda tupu itakaa juu ya folda iliyojaa, na Bibi hatakuwa popote tena duniani.

Si ndicho alichotaka? Aliketi kwenye ncha ya benchi, mikono kati ya magoti.

Nesi mkuu aliita. Lakini alikuwa mmoja na milango ilikuwa mingi. Aliita akiwa ndani ya korido, aliita huku amegeuka, na watu waliinuka wawili wawili kwa namba moja wakagombana. Kando ya Chiriku aliketi mzee asiyeona. Fimbo nyeupe ilikuwa katikati ya miguu yake, na mguu mmoja umefungwa bandeji. Kikaratasi chake kilikuwa kimelowa jasho la kiganja. Namba yake ilikuwa nne ya zamu ya alasiri, iliyoanza upya kutoka moja, na nesi mkuu alikuwa amekwisha kufika ishirini.

"Shikamoo, babu," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Namba yako imeshapita."

"Marahaba. Imepita wapi, na yule mama hajaniita?" Mzee aligeuza uso kuelekea juu. "Mimi namfuata yeye. Kila mlango una kipaza sauti chake. Akiita, najua nielekee wapi. Yule hajawahi kuniacha. Leo ananiambia nisubiri tu, nami nasubiri. Atakuwa anaumwa?"

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Ukimwona, mpe salamu zangu," mzee alisema. "Mwambie yule wa fimbo anamuulizia. Watu hawamshukuru, unajua. Watu wanashukuru daktari."

Juu yao kipaza sauti kikakwaruza. "Subiri kidogo, mwanangu."

"Unamsikia?" mzee akatabasamu. "Nasubiri, mama."

Karani akateremsha pazia la dirisha la malipo.

Chiriku alikimbia. Alipita korido, akapita stoo ya dawa, akausukuma mlango wa maabara kwa bega. Mama yake alikuwa amevua viatu na kupiga magoti chini ya meza, tochi mdomoni, waya mikononi.

"Mama, si panya."

Mama Waya alitoa tochi. "Si panya nini?"

"Waliokula sauti." Alishika ukingo wa meza. "Ni mimi. Niliifuta. Na pipa pia."

Alitegemea kofi, au kelele. Mama yake alimtazama tu, na rangi ikamtoka usoni, kama mtu aliyeambiwa msiba ule ule mara ya pili. Kisha akatazama saa ya ukutani, akainuka kwa nguvu mpaka akagonga kichwa kwenye meza, akatoka mbio bila viatu.

Katika chumba cha mitambo, taa ya diski yenye utepe mwekundu ilikuwa imeanza kupepesa. Mama Waya hakugusa kibodi. Alishika waya wa diski, akauchomoa.

Taa ikazima. Wote wawili walisimama wakihema, na mashine zikaendelea kupuliza upepo wao kana kwamba hakuna lililotokea.

Ilichukua muda kuichomeka diski kwenye kompyuta nyingine na kuifungua. Mama Waya aliteremka na orodha polepole, kidole kwenye kioo. Vyumba vyote vilikuwepo. Namba kuanzia saba kwenda juu zilikuwepo. Moja hadi sita zilikuwa zimekwenda.

"Zilikuwa za kwanza kufutwa," alisema. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye kabati la chuma. "Bibi yako hatasema moja tena."

Hapo ndipo Chiriku alipolia. Alimwambia yote: Domo, jiwe, kaburi la pili, na jinsi Bibi alivyokataa kunyamaza hata baada ya kufutwa. "Alijua, Mama. Alikuwa ananisemesha mimi."

Mama Waya alifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Lile neno la kusubiri halikai humu. Liko kwenye kile kidude kidogo cha ukumbini. Nilikiambia kikikosa namba ya kusema, kiwaombe watu wasubiri. Kimefanya kilichoambiwa, basi." Akamvuta karibu. "Lakini hata mimi ningeogopa. Na kuogopa si kosa, mwanangu. Mimi husikiliza sauti ile nikapoa, sikuwahi kukuuliza wewe inakufanyaje. Na kioo nilikiacha wazi mimi, mwenye amri zangu."

"Utanisamehe?"

"Nimeshakusamehe. Ila adhabu iko pale pale. Leta blanketi."

Walijifunika. Chini ya blanketi palikuwa na joto na giza, na harufu ya vumbi la zamani. Mama Waya alimsogezea kinasa sauti mdomoni. Chiriku, ambaye Bibi alimpa jina la ndege mpiga kelele kwa utani kwa sababu alikuwa mtoto asiyesema, akaanza. Moja. Mbili. Sauti ilitetemeka, wakarudia. Walipomaliza sita, Mama Waya alirudisha kila kitu mahali pake, mkono ukiwa begani mwa binti yake.

"Sikia," alisema. "Kosa ni kama kitu kilichofutwa. Siku ile ile, mtu akisema, tunakirudisha chote au karibu chote. Ukikaa kimya, kila jioni uongo mpya unakaa juu ya ukweli wa jana, mpaka hata mimi fundi siwezi kuupata. Wewe umesema ukiwa umechelewa kidogo, tukapoteza sita. Ungesema kesho, tungepoteza zote. Hiyo ndiyo tofauti, na uikumbuke maisha yako yote."

"Nitaikumbuka."

"Na huyo Domo, Jumatatu nitakuja kuongea na mwalimu wenu."

Walipotoka, ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Mzee wa fimbo alikuwa bado pale pale. Nesi mkuu alikuwa amembembeleza daktari wa chumba cha pili asiondoke, na sasa daktari akabonyeza kitufe.

"Namba nne," ikasema sauti nyembamba ya mtoto. Ikafuata ile nzito, ya zamani, yenye mikwaruzo: "Chumba cha pili."

Mzee aliinua kichwa. "Aa! Wamempa msaidizi," alisema, akainuka. Alielekea mlango wa pili bila kuuliza mtu, fimbo ikigonga sakafu.

Chiriku alisimama chini ya kipaza sauti. Nywele zilimsimama kama kawaida. Safari hii hakukunja mabega.

"Bibi," alinong'ona, "yule wa fimbo anakusalimu."