Namba Iliyoandikwa "Usipokee"

Mzee Baya Ngala alikutwa amekufa Jumanne asubuhi nyumbani kwake Kakuyuni, mikono yake imefungwa kamba ya katani. Majirani walikuwa wameshaamua kwamba ni sumu, na aliyemfunga wanamjua. Kavumbi, mke wa marehemu, hakukana.

"Nilimfunga mimi," alimwambia Inspekta Amal Uthman wa kituo cha Malindi. "Tangu juzi alikuwa hataki kuona maji. Nikimletea kikombe anataka kunirukia."

Amal alichuchumaa kando ya maiti. Kwenye kiganja cha kulia palikuwa na alama za meno zilizoanza kupona.

"Na hii?"

"Mbwa. Leo wiki ya tatu."

"Alidungwa sindano?"

"Siku ile zahanati haikuwa na dawa. Muuguzi, Bi Aaliya, alisema ikifika atatupigia simu."

"Akapiga?"

Kavumbi aliingia chumbani akarudi na simu ndogo ya vibonye, akampa. Simu ambazo hazikupokewa zilikuwa nyingi mno, zote zimetoka kwa jina moja: USIPOKEE.

"Ndiyo nani huyu?"

"Kwanza iliandikwa Zahanati," alisema Kavumbi. "Tulikuwa tunaipokea mbiombio. Halafu ikawa inapiga mara tano kwa siku, sauti ya rekodi: jipatie ploti Kilifi, bonyeza moja. Mwezi mzima ploti, ploti. Binti yetu akaibadilisha jina ili baba yake apumzike."

"Lakini mlikuwa mnangoja simu ya sindano."

"Tulidhani Bi Aaliya atatumia namba nyingine. Ile tulijua imeshaharibika." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Tulikaa tunamngoja, mwanangu. Tulimngoja kweli."

Daktari wa maiti hakuchelewa kutoa jibu. Si sumu, ni kichaa cha mbwa. Mkuu wa kituo alisoma ripoti yake amesimama, akairudisha mezani.

"Basi mshukiwa wako ni mbwa, Amal. Funga faili."

"Afande, kadi za zahanati zinaonyesha mbwa huyo aliwauma watu watatu siku ile ile. Wa pili alipata sindano. Wa tatu ni mwanamke anaitwa Janet Kambi. Ameumwa mguuni, na daktari anasema huenda bado ana muda, lakini si mwingi."

"Mpigie simu."

"Hapokei, afande."

"Mpigie tena."

Ushauri wa mkubwa ndio huo. Amal alipiga kwa simu ya kituo, ikakatwa. Akapiga kwa simu yake mwenyewe, akapokewa na matusi. Aliomba zahanati impigie, na ile namba ikawa imefungiwa kabisa. Kwenye kadi ya Janet paliandikwa "anauza mitumba, Malindi" na basi. Wauza mitumba wa Malindi wanahama kila siku, leo gulio hili, kesho lile.

Aliwaandikia watu wa kampuni ya simu kuuliza zile simu za ploti zinatoka kwa nani. Siku mbili nzima alizungushwa, mara aombe kwa fomu hii, mara kwa ile, na kila akipiga aliambiwa simu yake ni muhimu sana kwao. Jibu lilipofika lilikuwa mstari mmoja: simu hizo zimetoka namba ya zahanati.

"Uongo mtupu," alisema Bi Aaliya, muuguzi aliyeanzisha zahanati ile kwa akiba yake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Laini ni moja, iko hapa mezani, na mpigaji ni mimi. Mwezi huu watu wamenitukania mpaka mama yangu. Mimi niuze ploti, niipate wapi?"

"Simu ulizopiga kuhusu sindano?"

"Bi Nana wa Mambrui alipokea. Mzee Baya nilimpigia mara tisa, yule Janet mara kumi na moja. Nikatuma na ujumbe. Nilidhani wamekwenda kudungwa kwingine. Ningelipanda pikipiki nikamfuata mzee, Inspekta. Kakuyuni si mbali."

Amal alichukua orodha ya wagonjwa, majina mia nne na kumi na mawili, akampa Konstebo Fondo na pikipiki ya kituo. Kazi ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani amepigiwa simu za ploti, kwani kwa simu hakuna aliyewaamini. Siku mbili Fondo alikula vumbi. Baadhi walimwuliza kama na yeye anauza ploti.

"Nimefika nyumba sitini, afande," alisema aliporudi, viatu vimegeuka rangi. "Wote wamepigiwa, na wote wameifungia ile namba. Amebaki mtu mmoja tu aliyeniuliza ploti ni nini."

"Nani?"

"Bi Nana. Yule wa sindano."

Amal aliweka kalamu chini. Watu wawili wameumwa na mbwa mmoja, wakapigiwa na namba moja. Mmoja alipokea, mwenzake amezikwa. Alikuwa hajamwuliza huyu aliyepokea kwa nini alipokea, na alijikasirikia kwa hilo mpaka wanafika Mambrui.

"Shikamoo, Bi Nana."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa penye upepo."

Bibi alikuwa na alama ya meno kwenye kisigino. Aliwaonyesha kama mtu anayeonyesha pete.

"Zahanati walipokupigia, ulipokea mara ya ngapi?"

"Mara ya kwanza. Simu ya zahanati huachwa ikalia?"

"Hakuna rekodi ya ploti iliyokupigia hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Namba yako imo kwenye kompyuta yao?"

"Imo. Mkwe wangu Huzaifa ndiye aliyewatilia majina yote humo." Bibi alinyoosha mtandio wake kwa fahari. "Mwenye adabu kijana yule. Tangu amuoe mwanangu, miaka minane, hajaniinulia macho wala hajaniambia neno la ovyo."

Fondo alimtazama Amal. Amal aliomba ruhusa kwa upole wote aliokuwa nao, na waliondoka kabla kahawa haijamiminwa.

Ofisi ya Huzaifa ilikuwa mjini Malindi, chumba kimoja kilichobandikwa picha za viwanja vyenye nyasi za kijani. Alikuwa na kanzu safi na sauti ya chini.

"Kompyuta ya zahanati uliitengeneza wewe?"

"Ndiyo, Inspekta. Niliwasaidia tu."

"Na orodha ya wagonjwa ukabaki nayo."

"Hapana."

"Unauza ploti?"

"Wengi wanauza."

"Watu sitini tumewafikia. Hamsini na tisa wamesumbuliwa na rekodi ya ploti. Aliyeachwa ni mmoja tu, na ni mkweo."

Huzaifa alipanga upya makaratasi mezani.

"Ni bahati tu," alisema.

"Nikirudi Mambrui nikimweleza yeye, atasema ni bahati?"

Hapo ndipo alipoinama.

"Nilimtoa kwenye orodha," alisema hatimaye. "Ningewezaje, Inspekta? Ni mkwe wangu. Nimpigie sauti ya kumlaghai, aipokee kwa heshima akidhani ni zahanati?"

"Wengine je?"

Huzaifa aligeukia picha za viwanja ukutani.

"Namba ya zahanati uliipataje?"

"Huhitaji kuipata. Unapiga kwa intaneti. Inakuuliza ionekane namba gani, unaandika."

"Na hakuna anayekuuliza kama ni yako?"

"Hakuna."

Amal alihisi hasira ikimpanda. Yeye kwa namba yake halali, na cheo, na jina la baba yake, alikuwa ametukanwa wiki nzima. Huyu aliandika tu.

"Kwa nini zahanati? Ungeandika namba yoyote."

"Laini saba nimezibadilisha mwaka huu. Watu wakiona namba wasiyoijua hawapokei, na nisipouza sili. Lakini simu ya zahanati hakuna anayeiacha ilie. Mtu ana mtoto mgonjwa, ana mama mgonjwa, atapokea tu."

"Kweli. Mzee Baya naye alikuwa akiipokea, mpaka ulipomchosha. Mbwa alimuuma, simu ya sindano hakuipokea, na sasa amezikwa."

"Sikujua kama mbwa yule aliwauma na wengine. Wallahi sikujua."

"Ploti zenyewe zipo?"

Huzaifa alitikisa kichwa.

Amal alivuta karibu kompyuta ya Huzaifa. "Waliobonyeza moja unawaandika wapi?"

Orodha ilikuwa fupi. Jina la tano lilikuwa Janet Kambi. Mteja huyu Huzaifa alikuwa ameshaongea naye mara nne, kwa namba yake mwenyewe.

"Mpigie," alisema Amal. "Tusikie wote."

Simu ililia mara moja tu.

"Bwana Huzaifa," ilisema sauti ya mwanamke, imejaa furaha. "Nilikuwa nakungoja. Hati imetoka?"

Huzaifa alimeza mate. "Dada Janet, uko wapi?"

"Nyumbani Dabaso. Leo sikwenda gulioni, huu mguu niliong'atwa unawasha na kichwa kinaniuma."

Fondo alikuwa ameshashika ufunguo wa gari.

"Usitoke," alisema Huzaifa, akisoma alichoandikiwa na Amal. "Polisi wanakuja kukupeleka ukadungwe sindano. Mbwa aliyekuuma alikuwa na kichaa."

"Na ploti yangu?"

"Hakuna ploti, dada. Haijawahi kuwepo."

Janet aliuliza, sauti imekwisha nguvu, "Sasa kati ya hayo mawili, nikuamini lipi?"

Walimkuta amejifungia kwa ndani, na ilibidi Bi Aaliya mwenyewe aletwe amwite kwa jina ndipo akafungua. Alidungwa alasiri ile. Daktari alisema atamwangalia kila siku. Homa aliyomkuta nayo hakuipenda, na kuahidi hakuahidi.

Kituoni, Huzaifa aliandika maelezo yake, kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri. Simu yake ilikuwa juu ya meza ndani ya mfuko wa ushahidi. Ilipoanza kulia, wote watatu waliitazama. Kwenye kioo paliandikwa Mama Mkwe.

Ikalia mpaka ikakatika, ikaanza tena. Amal alinyoosha mkono.

"Usipokee," alisema Huzaifa. "Nakuomba, Inspekta, usipokee."

Amal alimfikiria Kavumbi na kile kisimu cha vibonye. Akaitoa simu mfukoni, akaipokea.

"Shikamoo, Bi Nana," alisema. "Ni Inspekta Amal, wa asubuhi. Mkweo yuko hapa. Ngoja nikupe uongee naye."