Twita ya Kushoto

Gari la Sechelela lilikuwa linahesabu pumzi. Ndivyo yalivyokuwa magari yote ya Dodoma miaka hiyo: hayana usukani, hayana dereva, na kabla ya kuondoka yanataka kujua yamebeba watu wangapi. Ukiingia, linasema, "Nafsi moja." Akiingia mwenzako, "Nafsi mbili." Mbuzi halimhesabu, maana pumzi ya mbuzi ina mwendo wake.

Kifaa chenyewe kiliitwa sikio-popo. Kwenye kona mbili za dashibodi kulikuwa na spika ndogo za sauti nyembamba, zile mafundi wanaziita twita. Masikio ya binadamu yalipata muziki wa juu juu, kayamba na filimbi. Lakini chini kwa chini twita hizo zilipiga pia mlio mwembamba usiosikika na mtu, kama popo anavyopiga gizani. Mlio ukigonga kifua kinachopanda na kushuka, unarudi umebadilika, na gari linajua hapa kuna mtu. Zamani walipima uzito wa kiti, ila magunia ya vitunguu yakawa yanahesabiwa abiria. Kamera nazo sheria ilizikataza. Nani anataka kutazamwa akisinzia mdomo wazi?

Siku hiyo Sechelela alimleta baba yake, Mzee Chilongani, kwa fundi Yoeli kule Nkuhungu.

"Mbukwa, mzee," Yoeli alisalimia Kigogo, kisha akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba. Hizi spika za kiwandani zinanong'ona, fundi. Taarifa ya habari nasikia mngurumo tu, kama mtu anaongea kinywani kuna ugali."

Yoeli alielewa. Uzee unachukua sauti nyembamba kwanza. Mtu anabaki anasikia ngoma lakini maneno yanampita. Dawa yake ilikuwa twita mpya zenye utando wa hariri, zinazosema waziwazi.

"Fanya haraka, kaka," Sechelela alisema. "Saa nne nina kikao."

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kila twita ina waya mbili, chanya na hasi. Kwenye chanya unaunga kapasita, kidude kidogo kama punje ya haragwe, kinachozuia sauti nene zisiiunguze twita. Kisha unafuata rangi. Mafundi wote wa Nkuhungu walishika kanuni moja: waya wenye mstari mweupe ni hasi. Yoeli aliikata soketi ya kiwandani, akaunga kulia, akaunga kushoto, akafunga utepe.

Lilibaki jaribio. Yoeli alikuwa na rekodi ya zamani ya mama mmoja akitangaza safari pale stendi, enzi mabasi yana madereva: "Abiria wa Singida, mlango wa nne." Ukikaa katikati ya kiti cha nyuma ukamsikia mama huyo amesimama katikati ya dashibodi, umefunga sawa. Ukimsikia ametawanyika, kama yuko kila mahali na hayuko popote, waya za upande mmoja zimegeuka. Twita moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani, huyu nje. Mlango hauendi kokote.

Tatizo ni kwamba katikati ya kiti cha nyuma alikuwa amekaa Mzee Chilongani, fimbo katikati ya magoti. Ndipo alipokaa siku zote, alisema, ili aione barabara.

Yoeli alimtazama. Mtu wa umri wa baba yake, umwambie nyanyuka, nipishe? Akainamia mlangoni, akaingiza kichwa, akasikiliza kwa upande.

"Abiria wa Singida, mlango wa nne."

"Ee!" mzee aliruka. "Singida! Nimemsikia mpaka meno yake!"

Sechelela akacheka. Yoeli naye akacheka, akafunga mlango, na gari likaondoka, hesabu yake imemezwa na kicheko.

Ilipita kama saa moja, anafagia meza, ndipo aliposhika twita ya zamani ya kushoto. Kwenye mguu wake mmoja kiwanda kilikuwa kimeweka nukta nyekundu, alama ya chanya. Na waya uliobaki umeng'ang'ania mguu huo ulikuwa na mstari mweupe.

Akaokota ya kulia. Nukta nyekundu, waya usio na mstari.

"Wamegeuza upande mmoja," alisema peke yake. "Na mimi nimefuata rangi."

Mwanzoni aliwaza sauti tu, kwamba mzee atamsikia mtangazaji ametawanyika. Kisha akakumbuka sikio-popo. Milio miwili ilikuwa inazimana katikati ya gari. Pembeni ingebaki kidogo. Katikati hakuna kitu. Na mzee anakaa katikati.

Alimpigia Sechelela. "Dada, mzee yuko wapi?"

"Gari limenishusha kazini, linampeleka nyumbani Ntyuka. Mbona unahema?"

"Mpigie."

"Simu yake haisikii, mlio wake mwembamba. Subiri nilitazame gari." Akafungua ramani. Kisha sauti yake ikapanda. "Fundi, limeshatoka nyumbani. Linaandika tupu. Linaelekea Kizota, ghala la magari. Nimeliamuru lirudi, linasema lipo mikononi mwa ghala. Baba ameshuka, siyo? Niambie ameshuka!"

Hakushuka. Gari lilifika Ntyuka, likafungua mlango, likasubiri, likahesabu. Mzee alikuwa amelala. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alisikiliza redio bila kukaza masikio, na usingizi ukamchukua mzimamzima. Gari likahesabu sifuri, likafunga mlango.

Kwenye ghala la Kizota magari matupu yalilazwa kwenye vyumba vya chuma. Kwa kuogopa moto wa betri, hewa ilitolewa yote, ikaingizwa gesi isiyowaka. Isiyowaka, na isiyovutika.

Yoeli alipiga ghala. Mashine ikapokea, sauti ya upole.

"Ghala la Kizota. Karibu."

"Kuna gari la kina Chilongani linaingia hapo sasa hivi. Lina mtu ndani. Msitoe hewa!"

"Gari limeripoti nafsi sifuri. Hewa itatolewa baada ya dakika nne."

"Limekosea!"

"Neno la mtu aliye nje halibatilishi hesabu ya gari."

"Basi mimi ndiye niliyekosea!" Yoeli alipiga kelele. "Fundi Yoeli wa Nkuhungu. Waya nilizifunga mimi!"

"Kukiri kwa fundi mwenye cheti kunapokelewa. Kosa litaandikwa kwenye cheti chako, na cheti kitasimamishwa miezi sita. Unaendelea?"

Miaka kumi na tisa cheti hicho kilikuwa ukutani bila doa.

"Endelea! Geuza ishara ya twita ya kushoto. Chanya iwe hasi, hasi iwe chanya. Halafu uhesabu tena."

Yoeli alikaza simu sikioni.

"Nafsi moja," ilisema mashine. "Mlango unafunguliwa."

Alikaa chini, palepale kwenye vumbi la karakana, akalia na kucheka kwa pamoja.

Kesho yake gari lilirudi. Sechelela alishuka, macho yamevimba, akamkumbatia Yoeli. Cheti kilikuwa kimeshashushwa ukutani, msumari umebaki.

"Nimesikia umefungiwa," Mzee Chilongani alisema, bado kakaa katikati. "Utanifundisha waya zangu, mikono iwe yangu. Sheria haikatazi mtu kufungua gari la nyumbani kwake."

"Sawa, mzee. Lakini kwanza..." Yoeli akafungua mlango wa nyuma. "Naomba unipishe hapo."

"Jana ulishindwa nini kusema?"

"Niliona haya."

"Haya!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Adabu yako, mwanangu, nusura inizike." Akateremka taratibu na fimbo yake.

Wakafungua, wakageuza waya za kushoto, na ile amri ya ghala wakaifuta. Yoeli akaingia peke yake, akakaa katikati.

"Nafsi moja," gari likasema.

Mama wa stendi akatangaza Singida. Alisimama katikati ya dashibodi, wima, kama aliyechorwa.

"Njoo sasa, mzee."

Mzee Chilongani akaingia, akaketi, akashusha pumzi ndefu.

"Nafsi mbili," gari likasema.

"Umelisikia?" Yoeli aliuliza.

"Nimelisikia," mzee alisema. "Mrudishe na yule mama wa Singida."