Yai Lililoelea Mapema Mno

Kila siku kabla ya kwenda shule, Mastura alifagia uwanja, akachota maji kisimani, kisha akachuja majivu. Kazi mbili za kwanza kila msichana wa Tongoni alizijua. Ya tatu ilikuwa ya nyumbani kwao peke yake, na wenzake wa darasa la sita walimcheka kwa ajili yake mpaka akazoea.

Ulikuwa mwaka 1984. Sabuni ilikuwa imeadimika. Watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, wakarudi mikono mitupu, na nguo zikafuliwa kwa majani ya mpapai. Wengi walilalamika tu. Shangazi yake Mastura, Bi Saleha, alikataa kulalamika. Alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari mjini Tanga. Shahada moja alikuwa nayo, na sasa alitaka ya pili, shahada ya uzamili.

"Kwani shangazi, kemia unayofundisha haitoshi?" Mastura alimwuliza siku moja.

"Ninayofundisha walishaigundua wengine," Bi Saleha alijibu. "Huko mbele unatafuta jambo ambalo hakuna bado anayelijua. Wapo wanaochunguza dawa za miti shamba, wapo wanaopima udongo na mbolea, wapo wa maji ya visima. Ukipenda unaweza kusoma darasani na kufanya mitihani tu. Mimi nimechagua utafiti, na nimechagua sabuni. Mafuta ya nazi tunayo. Kinachotukwamisha ni ile dawa kali ya kupikia sabuni inayotoka ng'ambo. Nataka kujua ni majivu gani ya hapa kwetu yanayoweza kushika nafasi yake."

Kaka yake, Mzee Shaib, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba ile, hakufurahishwa hata kidogo. "Mwanamke mzima unacheza na majivu! Shahada moja haikutoshi?"

"Kaka, nakuheshimu," alisema Bi Saleha. "Lakini maombi yangu ya chuo kikuu nitayapeleka."

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Maji yaliyochujwa kwenye majivu, yakiwa hafifu, yai bichi huzama. Yakikolea, yai huelea. Yasipokolea, huyapitisha tena kwenye majivu mapya. Majivu ya makumbi ya nazi yalihitaji kuchujwa mara nne, na ya mkonge mara tano. Yalibaki majivu ya maganda ya ndizi.

Jumatano, kabla ya kwenda mjini, Bi Saleha alimpa Mastura daftari na yai lililotagwa asubuhi ile. "Chuja mara moja, tia yai, andika unachokiona. Maji usiyaguse kwa mkono, yanachubua."

Mastura alichuja haraka haraka, kwa sababu wenzake walikuwa wakimwita kucheza rede. Yai likamponyoka, likapasuka. Alishikwa na hofu. Badala ya kumngoja shangazi yake amwambie, alikwenda kwa kuku aliyekuwa akiatamia, akachukua yai moja. Alipolitia kwenye maji likaelea mara moja. Aliandika, "Maganda ya ndizi: mara moja tu. Yai limeelea." Kisha akalirudisha yai chini ya kuku, akakimbilia mchezo.

Bi Saleha aliposoma daftari alishangilia. Hata Mzee Shaib aligeuka. Jioni ile ile alikwenda barazani kujitapa kwamba ndugu yake amepata sabuni kwenye maganda ya ndizi. Taarifa iliandikwa kwa mwandiko mzuri, ikatiwa kwenye bahasha pamoja na maombi. Ingeondoka na basi la Jumamosi, kwani Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea.

Ijumaa mchana kuku alitoka na vifaranga saba. Kiotani lilibaki yai moja, lina doa la majivu. Mastura alilitikisa, likachezacheza ndani. Lilikuwa viza, yai lililooza! Viza huelea hata kwenye maji matupu, na hilo alilijua tangu mdogo. Akisema, bahasha haitaondoka. Akinyamaza, shangazi yake atapeleka uongo bila kujua.

Alikwenda sebuleni, yai mkononi, akasema yote mbele ya wote wawili.

"Nyamaza wewe!" Mzee Shaib alifoka. "Hao wasomi watakuja Tongoni kupima mayai? Saleha, peleka kama ilivyo. Yai ni yai."

Mastura hakunyamaza. Alitoka, akarudi na ndoo ya maji ya kisima, akalitia lile viza. Likaelea.

"Baba mkubwa, samahani," alisema. "Kwa yai hili, basi hata kisima chetu ni dawa ya sabuni."

Bi Saleha alikwishaichana ile taarifa. Yeye na Mastura walichuja tena, wakapima kwa yai lililotagwa siku ile. Mara ya kwanza likazama. Mara ya pili likazama. Mara ya tatu likazama, na majivu yakaisha. Bi Saleha akaandika, "Majivu yamekwisha kabla yai halijaelea. Jibu bado halijulikani."

"Watakukataa," alisema kaka yake.

"Na wanikatae! Lakini watanikataa kwa kweli niliyoiona kwa macho yangu."

Bahasha iliondoka Jumamosi. Baada ya wiki saba jibu lilikuja: Bi Saleha amekubaliwa, na kazi yake ya kwanza itakuwa kumaliza majivu ya ndizi.

Bi Saleha alimwita Mastura, akamkalisha karibu naye. "Kupasua yai hakukuwa kosa," alimwambia. "Kila anayefanya kazi hupasua kitu. Kosa lilikuwa kuficha, ukaandika jambo ambalo hukulipima. Siku uliposimama ukasema kweli, huku umeambiwa unyamaze, ndiyo siku uliyoanza kuwa mwanakemia. Usiache."

Jioni ile wazee wa barazani walimtania Mzee Shaib. "Ehe, Shaib, ile sabuni ya ndizi iko wapi?"

Mzee Shaib alijikohoza, akanyanyua kichwa. "Haijajulikana bado," alijibu kwa sauti ambayo baraza zima liliisikia. "Mdogo wangu anakwenda chuo kikuu kuijua."