Lindo la Albano

Askari Albano alikutwa kisimani kifua kimepasuliwa, akazikwa adhuhuri. Jioni ile ile akaitikia gwaride.

Kosa lilikuwa la Sajini Projestus. Mkuu wa polisi, Mzungu wa mjini, alimwamuru yeye, naye akawaamuru askari wa kituo chake cha Kinondoni, akiwapanga kwa kichwa tu, bila daftari, jina na lindo kwa pumzi moja. Ulimi ukamponyoka.

"Albano, lokapu."

"Naam, afande," sauti ikajibu kutoka mwisho wa mstari, pasipokuwa na mtu. Buti zikakanyaga changarawe. Harufu ya damu mbichi ikampita Projestus puani, na mlango wa lokapu ukajifunga.

Ndani walikuwamo mahabusu wawili, mwizi wa mbuzi na Hashil, kijana aliyepigana sokoni. Mwizi alianza kupiga yowe, na askari waliposukuma mlango kwa mabega walisikia mifupa yake ikivunjwa taratibu kama kuni, na koplo alipopenyeza mkono kwenye nondo kutafuta komeo vidole vyake vikasagwa, na damu ikatiririka chini ya mlango mpaka yowe likakoma.

Bi Wahiba, mganga wa majini, alikuwa amefika na chakula cha Hashil, mwanawe wa pekee. Kikapu kikamdondoka.

"Ni jini la kisimani, limeichukua sauti ya marehemu," alinong'ona. "Nani kalipangia kazi?"

"Mie, mama. Nimeliamuru litoke, halitoki."

"Askari wenu hutokaje lindoni?"

Projestus akautazama mlango. Jibu alilijua, alikuwa amewafundisha kwa kiboko: huachi lindo mpaka mwenzako aje kulipokea.

Ndani, Hashil akaanza kulia.

Projestus aliogopa. Lakini mdomo wake ndio ulioleta balaa. Akaiweka kofia sawa, akasimama mlangoni.

"Sajini Projestus. Napokea lindo."

Mlango ukafunguka. Hashil akarushwa nje, bega limeteguka, akaangukia miguuni mwa mama yake. Sajini akaingia. Kilichofuata hakikuchukua muda, na Bi Wahiba alisoma dua mpaka buti zikarudi kisimani.

Walimkuta Projestus amesimama wima, mkono kwenye kofia, kifua wazi.

Kesho yake koplo, mkono umefungwa bendeji, aliita gwaride kwa uangalifu. Aliwataja walio hai tu, wote wakaitika. Alipotaka kuwaruhusu, sauti ya sajini ikatoka lokapu, imechoka.

"Koplo, nani ananipokea?"